Mukono wa Yaya Ndani ya Chumvi

Jumatatu, 3 Machi
Vidole mara makumi mawili, bega mara kumi, kiisha muguu. Yaya Odette, dada yangu mukubwa, ananitukana toka mwanzo mpaka mwisho, na nusu ya mudomo tu. Nusu inatosha. Toka kiharusi kimuangushe mwezi wa kwanza, mukono wake wa kuume umelala kama si wake. Njo mukono ulionilea, maana mama alitutoka mbele ya mimi kujua kutembea. Sista wa kliniki alimupa mupira wa kufinya. Anaurushia kuku. Bon. Mimi niliuza samaki Lubumbashi, Kasumbalesa, mpaka Ndola, kuna muzungu alinyamaza aliposikia Kifaransa changu. Mupira hauwezi kunishinda.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili! Ziwa limefunguliwa, miezi ya kukatazwa kuvua imeisha, samaki iko mingi, na kwa kutia samaki chumvi hakuna anayemufikia Yaya, Kashikishi yote mpaka ng'ambo ya ziwa, kule Kilwa ya Kongo. Nikamuwekea beseni ya chumvi mapajani, samaki zilizopasuliwa kando. Nikashika mukono, nikausukuma ndani. Vidole vikakumbuka. Si vyote. Viwili na dole gumba. Nikalia kama mujinga, nikasema ni moshi. Moto haukuwashwa.

Jumanne, 11 Machi
Vidole vinne. Anajaza tumbo la samaki, anapangusa, analamba kidole kusikia kama chumvi imetosha, anashika mwingine. Vile vile kama zamani. Wamama wa soko wanakuja kutazama. Nimewaambia dokta ni mimi, inakosa karatasi tu.
"Ba dokta, na mimi mugongo unaniluma!" Mama Chola alisema.
"Leta mbuzi kwanza."
Wakacheka mpaka wakashika nguzo. Yaya kichwa kinamuuma kidogo. Ni jua.

Jumamosi, 15 Machi
Kichwa tena. Asubuhi aliniita jina la baba. Akacheka, nikacheka. Sikupenda kile kicheko.

Jumatatu, 17 Machi
Damu puani. Kidogo. Yaya amekataa twende. Kliniki ni Alhamisi, na mimi pia nataka sista aone vidole vitano siku moja, ashangae. Leo ni vinne na nusu. Nimeogopa.

Alhamisi, 20 Machi
Yaya alimusalimia sista na mukono wa kuume. Akaubana wa sista kabisa. Sista akapiga vigelegele, akauliza tulifanya namna gani. Nikaeleza yote nikisimama, kama muhubiri. Wakati huo alikuwa anamufunga Yaya kile kitambaa cha kupima tansio, presha ya damu. Akapima. Akapima tena. Akahamia mukono mwingine.
"Baba, vidole analamba?"
"Sasa atajua vipi kama imetosha?"
"Kwa siku, samaki ngapi?"
Nikaanza kuhesabu. Mimi ninayemupikia mboga ya majani bila hata punje moja ya chumvi, sababu ya tansio yake, na kujisifu kwa majirani. Kila samaki, kidole. Wiki mbili.
Sista akaita gari ya hospitali. Mbele ya gari kufika, Yaya aligeuza uso anitukane, na tusi halikutoka. Mudomo wote ulishuka.

Ijumaa, 21 Machi
Mimi njo nilifanya. Dokta anasema tansio ilikuwa ya zamani, haiwezekani kusema ni kitu kimoja. Ni mutu mwema. Namuona anavyonitazama.

Jumamosi, 22 Machi
Hafungui macho. Mama Chola alileta nguo safi. Hakusema kitu cha kuchekesha, wala mimi.

Jumapili, 23 Machi
Amefungua macho. Dokta amesema tujaribu uji, mwepesi, kijiko kidogo. Kama hamezi, atamutia mrija puani. Kama mrija nao unashindwa... dokta hakumaliza sentensi.
Nilimuinua, kichwa chake kwa bega langu. Ni mwepesi sana. Nikatia uji. Ukakaa mudomoni. Kitanda cha pili walikuwa wanaomba, wakaacha.
Nilitazama koo lake. Nilitazama muda murefu.
Likapanda. Likashuka.
Nikajaza kijiko cha pili.