Karatasi za Kufungia Vitumbua

Jumatano, baada ya Isha

Kumbe sheria mpya ya taarifa binafsi ingeanza kutujaribu kwa vitumbua. Miaka yote nakala zilizoharibika katika duka letu la fotokopi hapa Kilakala tulimpa jirani yetu, Mama Rehema, afungie vitumbua vyake. Leo binti yangu Salma amemnyima.

"Shikamoo, mama. Zina vitambulisho vya wateja."

"Marahaba. Kwani kitumbua kinajua kusoma?"

"Mlaji anajua, mama."

Nilichelea ujirani wetu usije ukavunjika. Mama Rehema akatoa katika beseni lake bunda la karatasi tulizompa juzi, akalirudisha lote.

Nimefundisha amana madrasani tangu ujana wangu. Alhamdulillahi, leo nimeiona ikitendwa na mwanangu, hata mbele ya jirani anayempenda.