Nyumba Nzima Inadhani Sielewi Lugha

Mpendwa mshauri,

Naomba unisikilize, maana nimechoka na hapa nilipo sina wa kumwambia kwa lugha yangu.

Mimi ni binti, nasomea upimaji wa ardhi kwenye nchi ya watu, na chuo kilinipangia kukaa na familia ya wenyeji: baba ambaye ni fundi wa lifti, mama anayeuza dawa famasi, Bibi mzaa baba ambaye masikio yake yamekwisha, na mbwa wao mzee. Jioni ya kwanza walinikalisha mezani wakaniuliza maswali chungu nzima, na mimi lugha yao nilijua salamu tu, basi kila nikiona nyusi zimepanda najibu ndiyo, mpaka wakacheka wakanibandika jina la Ndiyo-Ndiyo, nami nikacheka nao, kumbe nimeshakubali kwamba napenda maini ya kuchemsha, kwamba nakimbia mbio kila asubuhi kama baba mwenyeji, na kwamba sina neno mbwa akilala chumbani kwangu. Mshauri, mbwa yule anakoroma kama mashine ya kusaga. Maini nimekula hadi nayaota. Na mbio, nilikuwa namfuata baba mwenyeji nikitweta, yeye anageuka kuninyooshea kidole gumba, nami namnyooshea changu, maana namna ya kusema nimechoka nilikuwa bado sijaijua.

Halafu kukawa na ile siku ya simu. Simu ya mezani ililia nikapokea, ni baba mwenyeji anauliza hali ya mama yake, na Bibi alikuwa amejilaza kwenye kochi baada ya chai, basi nikatafuta neno haraka haraka nikamjibu kwamba Bibi amepumzika. Kumbe neno nililookota ni lile wanaloandika kwenye matangazo ya msiba. Baba wa watu aliiacha lifti matumbo nje kwenye jengo la maofisi, akaja mbio na mkanda wa vifaa kiunoni, akamkuta mama yake ameshaamka anachovya mkate kwenye chai. Alipiga magoti palepale, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia kama mtoto, na Bibi akamuuliza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kama amefukuzwa kazi. Tulicheka sana baadaye, lakini tangu siku hiyo wakaamua kwamba lugha haitaniingia kamwe, wakaacha hata kunijaribu, wakawa wanaongea mbele yangu kama watu wanavyoongea mbele ya kabati.

Lakini iliniingia, na aliyeniingizia ni Bibi. Kwa kuwa hasikii, anaongea kwa sauti kubwa na polepole, neno baada ya neno, na nikirudi chuoni nakaa naye chumbani kwake karibu na dirisha, yeye alikuwa mshonaji enzi zake, basi ananionyesha uzi, kifungo, pindo, anataja, nami natamka huku anatazama midomo yangu, nikikosea ananichapa kidogo mkononi. Sikuwaambia wale wengine, kwanza kwa aibu ya kuongea vibaya, halafu, nisikufiche, kwa raha zangu, kwa sababu asiyeelewa hatumwi na haulizwi, na mimi nilitaka kupumzika.

Sasa wiki iliyopita baada ya kula nilikuwa nakausha vyombo, na Bibi bado yuko mwisho wa meza anamalizia supu yake, mama mwenyeji akaanza kumwambia mumewe kwamba yeye ameshindwa, kwamba Bibi ameacha gesi wazi tena, ameanguka bafuni tena, na kwamba nafasi imepatikana kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baba mwenyeji akauliza mama yake ataambiwa lini.

"Tukimwambia hatoki," mama mwenyeji akasema. "Tuseme tunampeleka kupimwa masikio. Tukishafika, wale wenye kazi yao wataendelea naye."

Baba mwenyeji akawa anaokota makombo ya mkate mezani, moja moja, hadi yakaisha, ndipo akatikisa kichwa kukubali. Na Bibi yupo palepale anakunywa supu. Kisha mama mwenyeji akanigeukia, akaniuliza kwa ile sauti wanayomsemeshea mtoto, kama ningependa chumba kikubwa chenye dirisha. Nikasema ndiyo. Ulimi ulishazoea, mshauri, ulitoka wenyewe.

Kesho yake Bibi akaniita nimtungie uzi kwenye sindano. Nilipomaliza hakuipokea.

"Mimi ni kiziwi, si kipofu," akasema. "Wakiongea mbio midomo siifuati, ila wananitazama, na wewe unainama. Wanasema nini juu yangu?"

Nikamwambia, "Bibi, mimi lugha sijui."

"Lugha nimekufundisha mimi," akasema, akachukua sindano yake akaendelea kushona.

Tangu hapo hanichapi tena mkononi. Ananisalimia vizuri tu, na hiyo ndiyo inayoniua. Nikisema, wataona nimekuwa nikiwachunguza nyumbani kwao, huenda wakaniambia nitafute pa kwenda, na chuo kitaniuliza nimefanya nini. Mama yangu mzazi nimempigia, akaniambia mgeni ni macho, mdomo aache kwao. Nikinyamaza, nitahamia kwenye kile chumba na kulala pale anapolala yeye. Hiyo safari ya masikio ni mwisho wa mwezi. Darasani sishiki kitu, juzi nimepima kiwanja nikakikuta kimeingia barabarani. Niseme au ninyamaze?

Wako,
Ndiyo-Ndiyo, ugenini

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, pole. Pole ya maini, pole ya mbio, pole ya mbwa. Pole zimeishia hapo.

Hujakosa kwa kusikia. Masikio hayana mlango, na wao ndio waliochagua kuongea mbele yako. Umekosa pale mtu mzima alipokuuliza swali la maisha yake ukamjibu uongo, tena uongo ambao yeye peke yake katika nyumba ile asingeweza kuuamini. Usijifiche nyuma ya ugeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, ukaushe vyombo huku mwenyeji anauzwa.

Ila na mimi nikusomee barua yako mwenyewe. Uchovu wako umeujaza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uchovu wa mama mwenyeji umeupa nusu ya sentensi. Yule mwanamke anasimama famasi kutwa nzima, akirudi anamwinua mama mkwe sakafuni bafuni, ananusa kama gesi imefungwa, na kwa siku zote hizo alikuwa na msichana mwenye nguvu ndani ya nyumba ambaye alijua kinachoendelea akajifanya haelewi ili apumzike. Simtetei kwa ule uongo wa masikio. Ni uongo mbaya, mzee hapelekwi kama paka kwenye gunia. Lakini aliyechoka si mchawi. Na mume wake ndiye yule aliyeacha lifti matumbo nje akaja kulia mapajani mwa mama yake. Mtu wa namna hiyo hamtupi mama. Anaogopa kumtazama usoni na kumwambia, basi. Woga wake na wako ni ndugu.

Sasa fanya hivi. Jumapili, kabla chakula hakijaja mezani, waombe baba na mama mwenyeji wakae. Waambie kwa lugha yao, hata ikikatikakatika: naelewa mnachosema, nimeelewa kwa muda, nisameheni kwa kuficha. Nimesikia habari ya nyumba ya wazee. Bibi ameniuliza nikamdanganya, na sitamdanganya mara ya pili. Naomba mumwambie nyinyi. Ukimaliza hapo, funga mdomo. Usiwahukumu, usiwafundishe kumpenda mama yao, na usiamue Bibi aishi wapi, hilo si lako. Gesi inayoachwa wazi inaua nyumba nzima, na inawezekana kabisa kwamba huko ndiko atakuwa salama. Lakini aende akijua, amechagua nguo zake, amegombana kama ana la kugombana.

Chumba chenye dirisha kikatae palepale, bila maelezo. Badala yake waambie unaweza kukaa na Bibi saa ambazo huna darasa, na kuangalia jiko. Mimi sijui kama hilo litabadili neno, pengine wameshaamua. Toa tu. Wakikuambia uhame, nenda ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa nje, waeleze ukweli ulivyo, watakutafutia mahali pengine. Hutakuwa wa kwanza kuhama, na kuhama si aibu. Mama yako mzazi mwambie nimemsikia, ushauri wake ni wa mtu anayemwogopea mtoto aliye mbali. Safari hii usiufuate.

Wakipata ujasiri, wataongea naye wenyewe, na kazi yako itakuwa ndogo. Siku zikisogea na bado hawajaongea, utamwambia wewe. Kwa vyovyote, wewe una deni lako la peke yako kwake na halisubiri wao: leo hii mwambie kwamba ulielewa, uliogopa, na Jumapili utawaomba wanawe waseme. Usimwandikie kwenye karatasi ukakimbia. Kaa mbele yake, penye mwanga, ongea polepole aone midomo yako. Akikasirika, mwache akasirike. Akilia, usitoke chumbani.