Kona ya Mlamula Haiuzwi

Kambini, Rufiji
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Eliazari,

Shikamoo kaka, na Bwana asifiwe. Mmeamkaje huko Kituntu? Goti la wifi Yudesi limekubali kukunjika, au bado anasali amekaa? Na mama anakula? Kuhusu mama niambie ukweli, usinifiche kama mwaka ule wa homa yake, maana niliyasikia kwa watu wa pembeni nikanung'unika hata mbele za Mungu. Mimi ni mzima. Joto la huku halijanizoea wala mimi sijalizoea, miaka sita sasa, lakini pumzi ipo, nashukuru.

Bahasha yako imenifikia kwa mkono wa yule mwalimu wa Nyaishozi aliyekuja kumwona mdogo wake. Nimesoma barua, nimesoma na karatasi ya mauziano uliyoiweka ndani. Siku tatu nimefunga na kuomba juu yake. Ningeweza kukupigia simu, lakini tunajuana kaka, wewe ukipandisha sauti mimi hunywea, halafu naitikia jambo ambalo moyo haujaitikia. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Basi nakujibu mwanzoni kabisa, usije ukasoma kwa wasiwasi: sisaini. Kona yangu ya barabarani siiuzi, si kwa huyo mnunuzi wako, si kwa mwingine.

Sasa kaa kwenye kigoda chako nikueleze, maana sitaki useme Jenesta ameharibiwa na mji. Huku hata mji si mji, ni kambi.

Kazi ya bwawa imekwisha. Siku ilipowashwa mashine ya mwisho ya kuzalisha umeme walikuja wakubwa, ngoma zikapigwa, na sisi wa jikoni tulikuwa na masufuria ya pilau motoni tangu alfajiri. Yuko fundi umeme mmoja wa Tanga anaitwa Shabani, amekula kwa mikono yangu tangu nije. Akaja dirishani na sahani.

"Mama Karagwe, leo nchi imejitosheleza! Hatuombi umeme kwa mtu!"

Nikamwambia, "Hongera. Na wewe mbona unaomba na sahani mbili?"

"Moja yangu, moja ya taifa."

Tulicheka mpaka Bi Zuhura mwenzangu akadondosha mwiko. Lakini wiki iliyofuata msimamizi alisimama na orodha akasoma majina, na jikoni tukabaki wachache. Mwisho wa mwezi ujao na sisi tunafunga. Bi Zuhura akasema, "Taa zimewaka, wapishi tumezimwa." Sikuchukia, kaka. Kazi yoyote ina mwisho, na hii nilijua mwisho wake tangu mwanzo. Ila niliposikia watu wanashangilia kwamba nchi haiombi tena kwa mtu, nilijikuta nauliza, je, na mimi? Nchi kujitosheleza haina maana kila mtu amejitosheleza. Nyaya zinaweza kupita juu ya kichwa chako na usipate kitu ila kivuli chake.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabeba mahindi hadi Nyaishozi? Tunafika tumeloa jasho, mashine imelala. "Umeme umekatika ng'ambo," wanatuambia, basi. Umeme wetu ulitoka nchi ya jirani, na jirani akipungukiwa kwake anatukata sisi kwanza. Nani angemlaumu? Ulikuwa wake. Mwenye mashine ya dizeli alikuwa anaangalia foleni ile inavyorefuka, anapandisha bei tukimwona kwa macho. Siku moja mama alirudi na gunia lake kichwani, na uji wa mdogo wetu haukupikwa.

Leo wewe mwenyewe umeniandikia kwamba umeme hauchezi kama zamani. Kwamba fundi wa pale senta anachomelea madirisha kutwa, kwamba yule wa dizeli ameuza injini yake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na transfoma imesimama ng'ambo ya barabara, inatazamana na kona yangu. Ndipo mnunuzi akakumbuka njia ya kuja kwako. Miaka yote hiyo kona ile ilikuwa mawe, mgomba hautulii, mbuni haushiki. Uliiita shamba la mijusi. Leo mijusi imepata tajiri! Kaka, anataka kuweka nini pale? Umeandika wewe, mashine ya kusaga. Ataweka mashine kwenye ardhi ya baba yetu, na mimi nitasimama kwenye foleni na debe langu, nimsubiri anisagie.

Umeandika pia kwamba baba alinipa pale pa kupumzikia tu, si pa kumiliki. Hapo umenichoma. Nilipofiwa na mume wangu kule Kyerwa, mashemeji wakachukua kibanja chote, mibuni na migomba, nikarudi nyumbani na Neema mgongoni na sufuria moja. Baba hakunihubiria. Alimwita baba mdogo Samweli na majirani wawili, akapanda mlamula kwa mkono wake kuanzia kwenye lile jiwe hadi barabarani. Kwetu mlamula si ua la kupamba. Mtu akiupanda mbele ya mashahidi, amekata mpaka, na mpaka huo hata mtoto anauheshimu. Na vile vijiti alivyopanda baba vilikatwa na nani? Na wewe. Ulishika panga wewe, ukamkabidhi kimoja kimoja. Ulilia siku ile kaka, ukaniambia, "Usiogope, umefika kwenu."

Sasa Neema wangu, si mtoto tena, amenipigia kutoka kwa mume wake Nyaishozi, akasema, "Mama, mlamula umekatwa wote." Wewe umesema ni watu wa nguzo za umeme. Neema akawaendea watu wa nguzo, wakamwambia wao walipita upande wa pili wa barabara. Sitaandika kwamba ni wewe. Ninachosema ni kwamba panga la mtu wa nguzo halijui mpaka wetu ulipo, na hili lilijua, lilifuata mti mmoja baada ya mwingine hadi kwenye jiwe. Kisha aliyekata alifanya kosa ambalo mtu wa Karagwe hapaswi kulifanya. Alikata juu, hakung'oa. Mlamula ukiukata ndiyo kwanza umeuambia uzae. Neema anasema kila kisiki kimetoa vichipukizi, mpaka sasa ni mnene kuliko ule wa baba.

Nilicheka nilipoambiwa hivyo. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya ghala nikapiga magoti nikakusamehe, kwa jina lako. Sikupeleki baraza la kata. Hata baba mdogo Samweli sijamweleza, ingawa angekuja na bakora yake mapema sana. Lakini kusamehe ni kimoja, kusaini ni kingine.

Sasa lile la paa la mama. Umeandika kwamba fedha ya kona ingeezeka nyumba yake, kwamba mvua ya juzi alihamisha kitanda mara mbili. Hapo nililia kweli, na najua hukuandika ili kunitega, unampenda mama. Basi sikiliza. Nikifunga kazi nitapewa kiinua mgongo changu. Nilikuwa nimekwisha kukipangia: mota ya kusagia, maana fundi Shabani nilimuuliza akanichorea kila kitu kwenye mfuko wa unga.

"Mama, hakikisha umeomba umeme wa njia tatu," akasema. "Usipoomba huo, mota itakuimbia tu, haitasaga."

"Na mwanamke wa darasa la saba ataiweza?"

"Umeliweza tumbo langu miaka sita, mota ni nini?"

Basi nimeamua, bati kwanza. Mota itangoja. Nitanunua bati za mama zote kwa fedha hiyo, na mbao, na misumari, na wewe utapanda juu na nyundo kwa sababu mimi kizunguzungu. Mota nitaitafuta taratibu, hata nikianza kwa kuuza maandazi pale pale kwenye kona. Miaka sita nimelisha watu waliozuia mto mzima. Nchi nzima imekataa kuendelea kuomba kwa jirani, halafu mimi nikubali kuomba kusagiwa uani kwa baba yangu? Sikubali. Na wewe ukipenda, tutajenga kibanda pamoja, tofali unajua kufyatua kuliko mtu yeyote Kituntu. Ukipenda kubaki upande wa mnunuzi, nitajenga peke yangu, na bado mahindi ya wifi nitayasaga kabla ya ya wengine.

Karatasi yako ya mauziano nairudisha ilivyo, pale kwenye jina langu pamebaki peupe. Pamoja nayo nimeweka fomu ya kuomba kuunganishiwa umeme, Neema alinitumia. Panapoulizwa mwenye eneo nimeandika jina langu lote, kama nilivyobatizwa. Mtendaji wetu anataka jirani wa mpaka athibitishe kwamba eneo ni la mwombaji. Jirani wa mpaka ni wewe, kaka. Hakuna mwingine. Nimeweka alama ya kalamu mahali pa kusaini.

Mama msalimie, mwambie binti yake anakuja na bati. Wifi Yudesi mpe pole ya goti, baba mdogo Samweli mwambie namwamkia shikamoo ya mikono miwili. Mwinjilisti wetu aniombee safari, basi la huku hadi huko linanitoa roho.

Mdogo wako anayekupenda wala hakuogopi tena,
Jenesta

Mwalimu anarudi Nyaishozi Ijumaa na atapita hapo kwako. Uwe umesaini au umekataa, mpe jibu. Naomba unijibu upesi.