Nyota za Boîte ya Maziwa

Butembo, siku ya kwanza ya wiki

Mama yangu mupenzi,

Wavukire, nakusalimia. Goti yako inakuachia sasa kupanda mulima wa Kasugho bila kupumuzika? Baba anakula muzuri? Mimi mwili iko salama. Roho njo inawaka moto, na nisipokuandikia leo nitapasuka.

Unajua kazi yangu hapa ku hospitali: kufagia, kufula mashuka, kubeba masahani. Ku salle ya batu ba kuvunjika mifupa kuko mama moja wa Kirumba, Mama Masika. Alianguka kutoka juu ya camion, gari kubwa ya kubeba viazi, paja ikavunjika. Balifunga muguu yake na uzito ya kuivuta, donc analala chali tangu wiki nyingi, hawezi hata kugeuka. Siku moja napangusa chini ya kitanda yake, akaniambia: «Katungu, madoa yote ya hii plafond, hii dari ya juu, nimeimaliza kuhesabu. Ku shamba yangu nilikuwa naona nyota.»

Ile neno ilinifuata mpaka nyumbani. Nikaokota boîte, kopo tupu ya maziwa ya unga, nikaitoboa na musumari, nikatia torche ndani. Ku plafond ikatoka madoa makubwa ya ukungu, sawa mafuta yenye kumwagika. Mama Masika akacheka mpaka muguu ikamuuma. Paluku, mwenye kutengenezaka maradio ku mulango wa hospitali, njo alinifundisha: «Mwangaza ikitokea fasi kubwa, nyota inavimba. Tosha ile kioo ya torche, uiweke pembeni. Tumia ile ampoule ndogo ya ndani ya briquet ya kuwashia sigara. Na uache musumari, twala sindano.»

Kisha chakula ya saa sita, tukafunga madirisha na mablanketi. Mama! Nyota ikawaka moja-moja, kali, sawa ncha ya sindano yenyewe. Bagonjwa bote bakainua macho. Mama Masika akanyoosha kidole: «Ile pale inatokeaka wakati ya kupanda.» Machozi ikamuteremukia ndani ya masikio, juu alikuwa amelala chali.

Tuliifurahia siku tatu tu. Gestionnaire, mwenye kusimamia hospitali, akaingia: «Hapa ni hospitali ao ni cinéma? Inabasumbua bagonjwa!» Akabeba boîte. Nikamuacha aende nayo, juu ni mukubwa wa kazi.

Sasa sikiya. Jana mutoto wa gestionnaire alipata komunyo ya kwanza, na yeye gestionnaire akaniita nioshe masahani kwake. Bageni bakisha kula, akafunga rideaux ya madirisha ya salon, na nyota ikatoka ku plafond. Nyota yangu! Nilitambua hata fasi sindano iliniponyoka, ikaacha matundu mbili ya kubanana. Batu banapiga mikono, na yeye, bila haya: «Hii machine niliitosha Dubai.»

Nikaingia na sabuni ku mikono. «Monsieur, ile ni boîte ya maziwa. Mimi njo niliitoboa, ya bagonjwa. Ulisema inabasumbua.»

Muke wake akasimama, akatosha kitambaa yenye balifunikia boîte, akaiangalia chini na juu, akaniwekea mu mikono.

Leo asubui gestionnaire ananingojea ku bureau na karatasi ameisha kuandika: mimi Katungu niliiba kintu kwake, naomba musamaha. Niliiba! Kintu yangu mwenyewe! «Tia signature, kazi iendelee,» anasema. Mimi hapana mwizi, Mama. Nilisukuma karatasi mpaka mbele yake, nikatoka. Boîte niliiacha kwa Mama Masika. Infirmière mukubwa, mwenye kuuguza bagonjwa ba salle, anasema atanitetea, mais bado sijue kama kesho niko na kazi.

Unisalimie Baba, na kaka Muhindo mwenye kuchunga mbuzi zetu, na shangazi yangu wa ku paroisse, na bibi muzaa baba. Na kama mutu anafika huko ku soko anasema Katungu wa Kasugho balimufukuza juu ya wizi, umuache amalize, kisha umusomee hii barua kwa sauti.

Wasingya, aksanti Mama.

Mutoto wako,
Katungu