Umeme kwa Jina la Mtoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Providence, Rhode Island

Jina: Zeogar Gbarwea
Umri: Miaka 76
Kazi: Mstaafu. Zamani mwalimu wa historia, Buchanan, Liberia; kisha mfuaji nguo hospitalini
Makazi: Ghorofa ya chini, Mtaa wa Potters

Leo ni tarehe 12 Juni 2024. Mwezi huu natimiza miaka thelathini na minne tangu niondoke Buchanan. Kwa miaka ishirini ya mwisho nimeishi nyumba moja na Garmai Toe, anayekaa juu yangu na binti yake Decontee. Si ndugu zangu wa damu. Wananiita Mzee, nami naitika.

Nimekuja kwa hiari yangu kueleza jinsi jina la Decontee lilivyotumiwa alipokuwa mtoto.

Mnamo Januari 2009 Garmai alikatiwa umeme. Mumewe alikuwa amehama na kumwachia madeni. Kampuni ilikataa kumfungulia akaunti nyingine. Theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha langu. Nilikuwa jikoni kwake, nimempelekea mishumaa, alipopiga simu na kutaja jina la Decontee kana kwamba ni mtu mzima. Decontee alikuwa na miaka sita, amelala kwenye kochi akiwa amevaa koti na viatu. Kesho yake taa ziliwaka. Mtaani kwetu wengi walifanya hivyo. Nyumba ya pili, mwenye akaunti ya gesi alikuwa bado ananyonya. Sisemi hivyo kumtetea Garmai. Nasema ijulikane kwamba haikuwa anasa.

Alilipa bili hizo miaka kumi na moja. Mwaka 2020 aliugua, akakosa kazi yake ya kuhudumia wazee wagonjwa kwa miezi mingi, na deni likabaki kwa jina la binti, ambaye hakuwa ametimiza miaka kumi na minane.

Jumapili iliyopita, tarehe 9 Juni, baada ya kanisa, tulikuwa tukila wali na majani ya viazi kwa Garmai. Decontee anasomea uuguzi, amebakiza mwaka mmoja. Mkopo wa serikali haukutosha, akaomba kwa mkopeshaji binafsi, bila mdhamini. Alikuwa amejibiwa kwamba alama zake za ukopaji, zinazoonyesha kama mtu hulipa madeni yake, ziko chini kwa sababu ya deni la umeme. Alete mdhamini au akose. Alama za mama yake ni mbaya kuliko zake. Mimi nikajitolea.

"Mzee, una miaka sabini na sita," akasema Decontee. "Watauliza utalipa mpaka lini."

"Waambie nimenusurika vita na mapishi ya mama yako."

Alicheka kidogo. "Asante, Mzee. Lakini nataka jina langu lisimame lenyewe."

Garmai akaweka kijiko chini. "Basi nenda polisi. Si watu wa umeme wamekwambia ukipeleka ripoti deni litafutwa?"

"Ripoti inataka jina la aliyefanya, Ma."

"Hulijui? Au nikutajie herufi moja moja?"

"Nikushtaki wewe ili mimi nisome? Bora niache chuo."

"Uache chuo! Miaka yote hii nageuza wazee wa watu vitandani, nawe uje tugeuze pamoja? Mzee, hebu msikie huyu!" Kisha akashusha sauti. "Nilichukua jina lako kwa sababu ya baridi. Baridi imekwisha. Chukua jina lako."

Decontee aliinuka akaenda kuosha vyombo. Aliviosha vilivyokuwa safi tayari. Nilimfuata, nikamwambia kwamba Jumatano nitakuja hapa, aje asije.

"Unamfunga mama yangu, Mzee?"

"Nitasema yote, pamoja na theluji. Bila shahidi, karatasi itasema mwizi, basi."

Leo asubuhi tumekuja watatu. Mlangoni Decontee alisimama, hakutaka kuingia. Garmai akamshikilia mlango. "Pita, mama. Nina zamu mchana."

Afisa amenieleza kwamba Garmai anaweza kushtakiwa. Garmai analijua hilo. Nami nathibitisha bila shaka yoyote: Decontee hakufungua akaunti ile, hakuijua mpaka mwezi huu, na deni si lake.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimeyasoma mwenyewe, nikarekebisha mahali pawili, nayo ni kweli.

Sahihi: Z. Gbarwea

Kumbukumbu ya afisa:
Maelezo yamechukuliwa nami, Sajini Renata Furtado. Decontee Toe amekubali kuandikisha ripoti na amepewa nakala yake. Garmai Toe ametoa maelezo yake mwenyewe, amekiri, na ameruhusiwa kwenda kazini. Jalada linapelekwa kwa mwendesha mashtaka pamoja na maelezo haya. Kwa kuwa shahidi huenda akaitwa mahakamani, nilimuuliza kama ana mpango wa kurejea Liberia. Naandika alivyojibu: "Mkiniita mtanikuta hapa. Kule sitarudi."