Ile Chupa ya Ufuta

Rutamba, Jumatatu

Kaka yangu Alfani,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Pande, wewe, wifi Salome na watoto. Kama si mzima usinifiche, maana safari hii siulizi kwa desturi, nauliza kwa kuogopa. Hapa korosho zimeanza kudondoka, na mwanangu Binti ndiye anayeokota. Mimi nimekatazwa kuinama.

Kile kichwa nilichokuwa nakilalamikia kilinifikisha Dar es Salaam. Nikapigwa picha, wakakuta mshipa wa damu ndani ya ubongo umevimba, kama mpira wa baiskeli unavyotoa nundu. Haujapasuka, alhamdulillahi, na mwezi ujao nafanyiwa upasuaji.

Ila kilichonishtua zaidi kilikuja baadaye. Daktari alinitaka nilale anipime tumbo. Nikamwambia kinachouma ni kichwa, tumbo limekosa nini? Akasema mwenye uvimbe wa namna hii kichwani, zaidi ya watu wengine, huweza kuwa na mwingine kwenye mshipa mkubwa unaopita tumboni, na mara nyingine hutembea katika ukoo. Langu lilikuwa salama. Akauliza wazazi wetu walikufa na nini. Nikajibu baba aliuawa na ngiri ya tumbo, ilikuwa inadunda juu ya kitovu, ukiweka kiganja unaisikia. Daktari akasema hiyo haielekei kuwa ngiri.

Si ngiri, kaka! Miaka yote ile tulikuwa tunakanda mshipa wa damu!

Sasa nikwambie nililolificha miaka tisa. Niliwaambia nyote kwamba baba alifariki usingizini. Nilidanganya. Alifia mikononi mwangu, nikimkanda. Aliniomba nimwache, nikamwambia avumilie, ngiri haitulii bila kukaziwa mkono. Akapiga kelele mara moja tu. Daktari anasema hakuna awezaye kujua kama ni mikono yangu au siku yake ilikuwa imefika. Mimi nimeshindwa hata kula kwa mikono hii.

Ukitaka kunichukia nichukie, lakini kwanza nisikilize. Siku ya Idd uliwaita watoto waweke mikono tumboni mwako, ukawaambia una moyo wa pili. Tulicheka sote. Kisha ukaniomba mafuta ya kukandia, nami nikakamua ufuta, nikampa jirani yangu Shamte akuletee. Kwenye simu ungenikatiza kwa mizaha yako, ndiyo maana nimeandika.

Usikandwe tena, hata kwa mkono wa mtoto. Kesho nenda na wifi hospitali kubwa, upigwe picha ya tumbo. Sigara acha leo.

Barua hii anakuletea Shamte yuleyule. Nimemwomba asiondoke mlangoni kwako mpaka umwage mafuta yaliyobaki mbele ya macho yake.

Msalimie wifi, na watoto wote kwa majina yao. Niombee dua, nami nakuombea.

Ni mimi mdogo wako,
Hamida

Chupa nirudishie, niione tupu.