Taifodi ya Javan

Doha, 4 Machi 2025

Baba mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Mimi mzima. Mgongo wako je? Tangu jana nakupigia hushiki simu, ndiyo maana nakuandikia.

Muuguzi Wepukhulu ameniambia Javan ametoka hospitali. Anasema majuma ya kwanza ndiyo ya kuangaliwa sana, kwa hivyo wamempa mhudumu wa afya wa mtaa hapo Kimumu jina la Javan, awe akimtembelea na kumpigia muuguzi akiona mambo si mazuri. Amefika? Ndugu yangu alitaka kujiua, baba. Usingizi umenihama.

Binti yako, Linet

Eldoret, 5 Machi

Linet mama,

Hatujambo, mgongo unauma kama kawaida yake. Ndugu yako amelala. Majirani na watu wa kanisa nimewaambia ni taifodi, na wamekuwa wazuri ajabu: wanaacha uji mlangoni na kwenda zao ili mgonjwa apumzike.

Huyo mhudumu wenu alifika. Unajua ni nani? Cherono! Yule ambaye ng'ombe wake alimaliza sukuma wiki yangu yote bustanini, halafu akaniambia nijenge ua. Alisimama getini na jaketi lake la kazi, mtaa mzima ukimtazama. Nikamwambia hapa hana mgonjwa. Yeye ndiye ajue siri za nyumba yangu? Hapana. Tulia, mama, fanya kazi.

Babako

Doha, 6 Machi

Baba,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimekasirika na sitaficha.

Taifodi! Mtu wa taifodi huachwa alale. Javan hafai kuachwa peke yake, na wewe umefukuza watu wote pamoja na uji wao. Cherono alimpigia muuguzi papo hapo, naye akaniambia. Wanaweza kutuma mwingine, lakini atatoka mbali na siku zinapita. Cherono anakaa geti la pili. Sukuma itaota tena, baba.

Nilimtumia Javan picha ya paka wetu wa hosteli, mnono kama kasisi. Angenicheka siku nzima. Hata hajaifungua. Umemuuliza yuko aje? Kwa mdomo wako?

Binti yako, Linet

Doha, 9 Machi

Baba, salamu. Simu ya Javan imezimwa. Shika yako, tafadhali.

Linet

Doha, 10 Machi

Baba?

Eldoret, 14 Machi

Linet mama,

Pole kwa kukutesa. Sote tuko hai, nakwambia hilo kwanza.

Jumapili nilitoka kanisani nikakuta kitanda kitupu. Miguu ilinipeleka kwa Cherono kabla sijafikiria. Hakutaja sukuma wala ua. Alimpigia muuguzi huku tukikimbia, tukamkuta Javan uwanjani, ameketi peke yake, anatazama mbele kama haoni watu. Cherono akakaa chini kwenye nyasi na nguo zake za kanisa.

"Javan, nakuuliza wazi. Unafikiria kujiua?"

Nilitaka kumziba mdomo. Nilidhani anampa wazo. Javan akasema, "Ndio, mama. Tangu asubuhi." Kisha akalia, na mimi nikalia, mzee mzima.

Muuguzi alikuwa anatungoja hospitali. Jumanne waliturudisha nyumbani. Cherono anakuja asubuhi bila jaketi, analeta maziwa ya ng'ombe yule yule, na akitoka anampigia muuguzi. Kanisani, kwenye maombi ya Jumatano, nimesema ukweli. Wengine waliinamisha macho. Mzee Oketch alichukua kofia yake akaja kucheza drafti na Javan. Anamwibia kete, na Javan anamwona.

Leo Cherono alichelewa. Nikaona nisimngoje. Nilizunguka jikoni, nikaosha kikombe kisafi, kisha mimi mwenyewe nikamuuliza Javan, maneno yale yale ya Cherono. Akanitazama machoni.

"Leo hapana, baba."

Kesho nitamuuliza tena. Yeye ameuliza kama paka wako bado ni mnono.

Babako